Chanjo Mbili za Bibi

Nyumbani,
Mtaa wa Zahanati,
14 Juni 2022.

Mpendwa Mama Mdogo,

Hujambo huko uliko? Ile michubuko ya glavu mikononi imepona? Sisi wawili ni wazima. Bibi mguu unamsumbua asubuhi tu, nami nimefaulu mtihani wa sayansi.

Nyumba ni kimya mno. Nikitoka shuleni husoma kwa sauti ili kuwe na mtu anayeongea, na Bibi hujibu hata maswali ambayo hakuulizwa.

Kuna jambo nililokuficha. Ulisema utakuja Bibi akimaliza chanjo, maana unauguza wagonjwa wa korona na unaogopa kumletea. Siku nilipompeleka kwa dozi ya pili, aina aliyochanjwa kwanza ilikuwa imekwisha. Muuguzi akasema aina nyingine inafaa pia. Nikakubali, kwa kuwa nilitaka uje upesi. Baadaye nikaingiwa na hofu kwamba nilikosea kukubali zichanganywe. Ulipouliza amechanjwa aina gani, sikujibu, na tangu hapo hukutaja tena safari.

Mwezi uliopita watu wa maabara walipima damu za waliochanganya chanjo. Bibi alimwuliza mpimaji kama damu yote ile ni ya kupima au anakwenda kuuza. Majibu yametoka jana. Kingamwili zake ni nyingi, tena inaonekana aliwahi kuugua korona. Ndipo akakiri kwamba yale mafua ya mwaka juzi, aliyoyasingizia vumbi, hayakuwa ya vumbi. Alinyamaza ili usiache kazi kuja kumuuguza.

Mpimaji alinieleza kuwa waliougua kisha wakachanjwa mara nyingi huwa na kingamwili nyingi, hata wakichanganya. Ila hupungua kadiri muda unavyopita, na hakuna kipimo kinachoahidi kwamba mtu hataugua. Nakuandikia yote, sitaki kukuficha tena.

Nilipomsomea Bibi hadi hapa, alinikatiza. "Mwambie asisubiri damu yangu iwe chuma," alisema. "Aje nikiwa bado naweza kumfungulia mlango."

Shule zitafungwa tarehe ishirini na mbili Julai. Nimefua shuka zako na kuanika godoro. Ukiona bado ni hatari, niambie ukweli tu, nitamweleza Bibi mimi mwenyewe.

Nisalimie Baba Mdogo na wadogo zangu. Mungu akulinde wodini, na njiani pia.

Wako akupendaye na kukungoja,
Binti wa dada yako.