Buji Nne za Papa Neema

Jumatano, Kamembe. Tangu asubuhi ni manyunyu tu. Ziwa halionekani, na mimi sina nguvu hata ya kuanua nguo.

Daftari yangu, leo ni siku ya sita tangu tumzike Yaya Faida, dada yangu mkubwa, kule Gashonga. Kesho tunamaliza kilio. Bandugu watakusanyika, mwenye neno atasimama aseme. Ni hilo la kusimama linalonikosesha chakula.

Wewe unanijua. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa tano wa primeri, lakini kwa kujisifu nina diploma. Na cha kujisifia ninacho: mtoto wangu Neema ni fundi wa magari, mwanamke peke yake katika garaji ya wanaume tisa. Karatasi yake ya shule nimeitundika sebuleni juu ya picha ya Bwana Yesu, mpaka mchungaji akaniuliza. Nilimjibu kwamba Yesu anaelewa, na yeye alikuwa fundi.

Sasa sikiliza nilichomfanyia huyo mtoto.

Gari letu tuliachiwa na mume wangu, Papa Neema. Wiki moja kabla ya kufa, amekonda hata shati linamkimbia, aliomba kiti kidogo uani. Akafungua buji zote nne, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya moteri, akazisugua kwa brosi ya chuma na esansi, petroli yenyewe, akazirudisha moja moja. Ilimchukua asubuhi nzima. Baada ya hapo hakushika kazi nyingine tena.

Tangu siku ile nilikataza muntu yeyote kuzigusa. Miaka minne.

Mwaka huu gari likaanza kukohoa. Neema akasema bobini moja imeungua. Bobini ndiyo inayotengeneza ule umeme mkali wa kupeleka kwenye buji. Gari letu lina nne, kila buji na yake. Akaleta nyingine mpya. Lakini alitaka kubadilisha na buji zenyewe, nami nikaja juu.

“Maman, izi buji zimekwisha,” akasema. “Ncha zimelika, ile nafasi cheche inaruka imekuwa kubwa. Bobini inalazimika kusukuma kwa nguvu kupita kipimo chake, inapata moto, inaungua. Tukiziacha, hata hii mupya itakufa.”

Nikamwambia atoe moja tuione. Akaitoa, akaivika bobini yake, akaiegemeza kwenye chuma cha moteri, akazungusha ufunguo nione. Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri kabisa. Nikapiga makofi.

“Unaona? Papa yako angali anafanya kazi!”

“Maman, huku inje inaruka. Mule ndani hewa na esansi vinaibana. Pale njo inashindwa.”

Nikamwambia shule imemfundisha kutupa kazi ya baba yake.

Ndivyo nilivyosema, sikupunguza wala kuongeza. Neema akairudisha buji mahali pake, akafunga. Jumapili nikaenda kanisani kuwatangazia akina mama kwamba mtoto wangu amelitengeneza gari, sasa ni kama jipya.

Alhamisi ya wiki jana mume wa Yaya akapiga simu. Yaya anashindwa kupumua, kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, hawezi kukaa, leteni gari haraka. Neema alikuwa ameshawasha kabla sijapata kitambaa cha kichwa. Njiani nilimwambia shemeji kwa simu asihangaike, tunakuja na gari letu, na dereva ni fundi mwenyewe. Hata kwa jambo kama lile sikuacha kujisifu.

Mvua ilitukuta kwenye mlima. Gari likaanza kutetemeka, harufu ya esansi ikajaa, nguvu zikaisha. Neema akaegesha pembeni, akafungua. Bobini mbili zilikuwa zimekufa. Moja ni ile mpya.

Alijaribu kuzihamisha huku na huku, mvua inampiga mgongoni. Moteri ya buji nne ikitumia mbili haipandi mlima, hata uibembeleze namna gani. Akapigia simu wenzake wa garaji walete gari jingine, kisha akasimamisha moto, akanipandisha mimi, yeye akabaki pale.

Nilifika kitenge kimeshafunika uso wa Yaya.

Siku ya pili ya kilio, shemeji alisema mbele ya watu wote: “Mutoto mwanamuke na moteri, wapi na wapi? Si angesuka tu nywele za batu! Fundi gani gari yake inamufia ku mulima?” Simlaumu, ni mtu aliyefiwa, machungu yanatafuta pa kutokea. Lakini batu walicheka, kale kacheko ka kilio, ka chini chini.

Neema alikuwa anaosha sahani. Hakuinua kichwa. Nilingoja aseme, ni Maman ndiye alikataa. Alikuwa na haki. Hakusema. Na mimi, ambaye kinywa changu kinajulikana mpaka Bukavu?

Nilikunywa chai.

Leo asubuhi nilimwambia Neema azitoe zile buji. Akazipanga mezani juu ya gazeti, halafu akaweka mpya moja pembeni. Ncha iliyotakiwa kuwa na makali imekuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki. Mwanya wake unapitisha ukucha wangu. Ule wa mpya haupitishi. Hata muntu wa mwaka wa tano wa primeri anaona. Siku ile ya makofi sikuwa nimetazama, nilikuwa nikimtazama Papa Neema.

Akaweka mpya zote nne na bobini mbili. Gari likaitika mara moja, laini, na mimi nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Kisha Neema akazifunga zile za baba yake katika leso safi, akanipa. “Ziweke mu kabati yako, Maman.”

Kabati! Zingekaa kabatini siku zote hizi. Hakuna aliyesema zitupwe. Ni mimi.

Nikamwuliza kama tungefika mapema Yaya angepona. Alifuta mikono yake muda mrefu, kidole kwa kidole. Huyu mtoto hajawahi kumdanganya mteja, hata wale wanaoomba wadanganywe.

“Sijui, Maman.”

Ameniomba kesho nisiseme kitu. Anasema batu watanicheka, watasema nimemuua dada yangu kwa sababu ya vyuma vya marehemu. Labda watasema. Yeye wamemcheka siku nne nami nikiwa nimekaa.

Mchana huu nimempigia shemeji, nikamwambia kesho nataka neno. Akaguna. Akaniuliza kama litakuwa refu, maana ananijua.

Nimemwambia ni fupi. Nitasema buji zilikuwa zimekwisha, fundi alisema, na mimi nilikataa.

Mungu anisaidie nikishafika hapo nikae chini, nisianze kujitetea.