Kiu ya Baba kwenye Arusi ya Vimla

Dhanasar,
11 Juni

Mdogo wangu mpenzi Bhairaram,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko juu kwenye theluji, na kile kikohozi ulichoniandikia kimekuacha. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako anakusalimu. Mama mkwe wangu naye anakusalimu, ingawa magoti yanamsumbua na anataka kila mtu ajue. Mwanangu Vimla ameandika kutoka kwa mumewe. Anasema wanamtunza vizuri na mama mkwe wake hana maneno mengi. Mungu amjalie abaki hivyo hivyo.

Umeniomba nikusimulie arusi yote, kwa kuwa wakubwa wako jeshini walikunyima ruhusa na hukuona chochote. Nimeianza barua hii mara nne nikaichana. Leo nitaimaliza.

Unajua arusi za kiangazi zilivyo kwetu. Mnajimu ndiye anayetaja siku, na mnajimu haulizi joto. Basi nikaapa kwamba hakuna mgeni atakayetoka kwangu akisema ameungua. Unanijua tangu utoto, nikishika jambo siliachi. Wiki nzima niliwazungusha wanawake wa nyumba hii mpaka wakanichoka. Tulitundika shuka zilizolowa milangoni, tukanyunyizia ua maji kila saa, tukazika mitungi arobaini mchangani hadi shingoni. Kulikuwa na mtindi wa chumvi na bizari, maji ya maembe mabichi yaliyochomwa, matikiti mpaka ng'ombe wakashiba maganda. Kila mwanamume aliyeingia alipewa kitunguu akitie mfukoni, kumkinga na upepo wa moto. Shemeji yako alikodi mashine sita za kupuliza upepo wa maji, zile zenye nyasi zinazonukia ubavuni. Wifi yangu akanitania kwamba nikiendelea hivi bwana arusi atapata mafua kabla ya kupata mke. Nilicheka sana. Nilijiona mtu siku ile.

Baba alifika saa nne asubuhi kwa gari la binamu yetu Mangilal. Alileta zawadi za upande wetu, zile ambazo wewe mjomba wa bibi arusi ndiye ungezileta. Usijilaumu, sikuandikii kwa ajili hiyo. Miaka sabini na mitatu, na kilemba chake chekundu, alisimama wima kwa niaba yako, nikampaka alama kwenye paji la uso. Alinitandazia shali mabegani, akaninong'oneza kwamba nimenenepa, kwamba shali ya arusi ya mwaka ujao itabidi washone mbili pamoja. Kwenye gari alikuwa ametundika kiriba cha maji ya kisima chetu. Wewe unamjua. Miaka ishirini tangu aliponioza hapa hakuwahi kutia kinywani tone la maji ya Dhanasar. Ukishamtoa binti yako hupokei kitu kwake, alikuwa akisema, hata maji. Kila alipokuja kuniona alikuja na kiriba chake na akaondoka nacho.

Alipanga kurudi adhuhuri. Lakini basi la upande wa bwana arusi likaharibika njiani, zikaja habari kwamba watafika alasiri. Vimla akamshika babu yake mkono, akamsihi asiende kabla ya kumwona ameolewa. Angekataaje? Shemeji yako akamkalisha mahali pazuri kuliko pote, juu ya kitanda cha kamba, mbele kabisa ya mashine kubwa. Wazee wenzake wakamtania kwamba mzee Ruparam amekuja kwa wakwe kupunga hewa. Akawajibu kwamba kwa mkwe upepo si kosa, kosa ni maji, nao wakacheka mpaka wakakohoa.

Kiriba kilikwisha saa saba. Mangilal aliniambia, nikamjibu atume mtu mwenye pikipiki aende Sardoli, kijiji cha pili, akateke maji huko. Kisha shughuli zikanimeza. Mangilal mwenyewe alikuwa ameitwa kwenda kulivuta lile basi, na mtu wa pikipiki hakupatikana mapema. Mimi sikuuliza tena. Kila nilipopita nilimwona Baba ametulia, ndevu zake zinapeperuka, nikasema moyoni kwamba yeye hana shida. Hakuna aliyepulizwa upepo baridi siku ile kama yeye.

Mdogo wangu, katika barua yako umeandika kwamba huzuni yako ina faraja moja, kwamba Baba alikufa bila kuivunja desturi yake, na kwamba ulipowasimulia askari wenzako walivua kofia. Huku pia wanasema hivyo. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumsifu mtu wa kwetu, anamtaja Baba kwa kila mgeni. Nimeyasikia maneno hayo mwezi mzima, na kila nikiyasikia natamani ardhi inimeze. Si kweli, Bhairaram.

Saa tisa nilipita mbele yake na sinia ya maji. Akanishika upindo wa ushungi. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto, pamoja na upepo wote ule. Akaniambia taratibu, "Binti yangu, nipe maji. Haya haya ya kwako."

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa na bilauri kumi na mbili mikononi.

Nyuma yangu wanawake walikuwa wameketi wakiimba zile nyimbo za kuwatukana wakwe, wanatafuta wa kumrarua. Unamkumbuka mke wa Chunaram? Baba yake aliugua hapa, akanywa kikombe kimoja cha chai. Imepita miaka kumi na moja, na kila arusi bado anaimbiwa kwamba baba yake alikuja na kiu akaondoka na mtungi. Mama mkwe wangu alikuwa anatutazama. Nikaona aibu. Nikacheka kwa sauti ili wote wasikie, nikasema, "Baba naye kwa utani! Maji yako yako njiani, yanatoka Sardoli."

Akanitazama kidogo. Halafu akacheka na yeye, akauachia ushungi wangu, akasema ndiyo, alikuwa ananitania tu.

Nami nikaenda na sinia yangu kuwanywesha watu wa basi.

Maji ya Sardoli yalifika karibu saa kumi. Mangilal alidhani Baba amelala. Mganga wa zahanati alisema amekufa kwa joto na kukauka maji mwilini. Mama mkwe akaamua arusi isivunjike, basi tukamlaza ndani ya gari la Mangilal, tukamfunika shuka iliyolowa, tukawaambia wageni kwamba mzee amechoka anarudi kwake. Vimla aliuzunguka moto wa arusi huku akimtafuta babu yake kwa macho. Mimi nilikuwa natabasamu.

Unamsifu Baba kwa jambo nililolifanya mimi. Yeye alikuwa tayari kuiacha desturi ya maisha yake yote, na aliniomba mimi kwa sababu aliniamini kuliko watu wote. Mimi ndiye niliyemnyima. Shemeji yako hajui. Hajui mtu yeyote ila wewe.

Mwaka ujao mwanangu Jagdish anaoa, na ni wewe utakayeleta zawadi. Nichukie ukitaka, lakini uje. Usije na kiriba. Nitakupa maji mlangoni, mbele ya mama mkwe na wanawake wote, na waache waimbe. Kama hutaweza kuyanywa kutoka mkononi mwangu, nitaelewa.

Jitunze na baridi. Wasalimie askari wenzako wale uliowasimulia, na ukiamua kuwaambia ukweli, waambie pia kwamba alicheka ili nisiaibike.

Ni mimi dada yako,
Dhapu