Sauti ya Mama Imefungiwa Ndani ya Kompyuta

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulaza na kutuamsha. U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kilichokuwa kikikukatiza maneno kimekuacha? Unakula ukashiba, au bado unasimama dirishani na kikombe cha chai ukisema inatosha? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yanalalamika kwenye ngazi, lakini ya nani hayalalamiki.

Mama naye mwili una nafuu. Mkono wa kulia umeanza kushika kijiko. Ulimi ndio bado mzito tangu ile siku alipoanguka, na ni kwa ajili ya ulimi huo nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Simu yetu inasikilizwa na sebule nzima, na wewe siku hizi ukiipokea una haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi alituambia mgonjwa wa namna hii hujifunza tena kusema kwa kufuata sauti aliyoizoea. Tulijaribu yangu, Mama akageuza uso ukutani. Ndipo nikawasha ile kompyuta yako kuukuu yenye mgongo mnene, nikafungua sauti ulizomrekodi kabla hujasafiri. Yumo akisali, yumo akisimulia alivyotulea, yumo akikufokea: "Kiondoe hicho kidude mdomoni mwangu, mimi si redio!" Basi Mungu si binadamu, Mama akaanza kujifuata mwenyewe. Kila alasiri Mama wa ndani anasema, Mama wa nje anafuata. Alikuwa ameshapata "maji", "mlango" na "acha". Hilo "acha" ndilo alilolishika upesi kuliko yote, unamjua.

Mwezi uliopita programu ya kusikilizia ikaanza kukwama. Shemeji yako akaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja wanayemwita Waya, mwenye kibanda kando ya duka la dawa. Waya akaiondoa programu, akaiweka upya. Kompyuta ikarudi imepanguswa, inang'aa kama imeposwa. Nikabonyeza sauti ya Mama. Kimya. Kikatokea kisanduku katikati ya skrini kusema kuna faili la mfumo linahitajika na halipo.

Halipo vipi? Lilikuwepo, likaenda kwa fundi, likarudi halipo. Darasa langu unalijua lilipoishia, lakini kuku wako akienda kwa jirani mzima akarudi hana bawa, huhitaji cheti ili uulize. Nikaigeuza kompyuta nyuma nikaona na skrubu moja haipo. Moyo ukaniambia, umeona sasa.

Nilimfuata kibandani.

"Fundi, naomba faili letu."

"Mama yangu, faili si nati. Siwezi kulitia mfukoni."

"Kama halishikiki, limetokaje?"

"Programu ya zamani ilipokuwa inaondoka imelibeba. Ni kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba."

"Na aliyemfungulia mpangaji mlango ni nani?"

Mteja mmoja akasema, "Waya, leo umeunganishwa na umeme," wakacheka wote, mimi sikucheka.

Jioni ile shemeji yako akakiri kwamba skrubu aliitoa yeye mwenyewe zamani, alipofungua kupuliza vumbi, ikamdondokea ikapotea. Nikamwomba Mungu msamaha kwa habari ya skrubu. Kwa habari ya faili nikasema tusubiri kwanza.

Waya akaja nyumbani. Nilikaa ubavuni mwake na ufumaji wangu, macho kwenye vidole vyake. Alishusha kutoka mtandaoni faili lenye jina lile lile, kompyuta ikalikataa. Akasema lile ni la mashine mpya, hii yetu ni ya rika jingine. Akaleta la pili, nalo likadai lenzake la tatu. Lakini sauti za Mama alizikuta zote, zimepangwa kama ulivyoziacha. Ila hazifunguki. Akaomba achukue moja kwenye flashi akaijaribu kwa mashine yake. Sauti ya Mama mfukoni mwa mtu! Nilikataa, shemeji yako akanitazama, nikakubali, nikamwandama fundi hadi kibandani kama kivuli chake. Huko nako kimya.

Hapo ndipo akageuza maneno. Akasema lile faili halikuwa la programu wala la kompyuta. Lilikuja na kile kidude chako cha kurekodia, kwenye diski yake. Kidude kinaikunja sauti kwa mkunjo wake chenyewe, na bila faili lile hakuna kinachoweza kuikunjua. Wewe uliliweka siku ile ulipomrekodi, na yeye alipoiondoa programu likafagiwa pamoja nayo.

Juzi mpangaji kabeba balbu, leo balbu ni za kidude. Maneno mawili kwa jambo moja. Shemeji yako ananiambia hata daktari hubadili maneno akishapima. Haya. Lakini kama ni hivyo, kidude kiko wapi, na diski iko wapi? Hapo, mdogo wangu, macho yangu yakaondoka kwa Waya yakaja kwako.

Uliondoka navyo vyote viwili. Nilipokuuliza mara ya kwanza ulisema vimo sandukuni. Mara ya pili ukasema umemwazima rafiki. Mara ya tatu ukasema mtandao umekatika, na mimi nilikuwa nakusikia ukipumua.

Nimekudhania mengi, na kukuficha ni dhambi nyingine. Nimedhani umekitupa. Nimedhani umechoka na habari za nyumbani. Nimedhani pia umekiuza kwa shida, kwamba mambo huko si kama unavyotueleza, na lile koti la kwenye picha ni la kuazima. Hilo la mwisho ndilo linalonikaa kooni. Kama ni kweli, basi sisi tunakuombea mafanikio yazidi na wewe ungehitaji tukuombee chakula.

Waya sasa anasema dawa iliyobaki ni kufuta kompyuta nzima na kuiwekea mfumo upya, maana mafaili ya kujaribujaribu yameifanya nzito. Sauti anasema atazihamisha kwanza. Atazihamishia wapi, na zikirudi ni nani atajua kama zimerudi zote? Shemeji yako amekwisha kukubali ifanyike mwisho wa mwezi. Mimi nimeuficha waya wa umeme. Anautafuta, nami namsaidia kutafuta.

Mama hajui mambo ya mafaili. Alasiri ikifika anajikokota hadi mbele ya skrini nyeusi, anafungua mdomo, anamsubiri Mama wa ndani aanze. Haanzi. Anaufumba. Jana nilimwambia, "Mama, sema maji." Alinitazama, akanyoosha kidole kwenye jagi. Neno alilokuwa nalo limemtoka.

Kwa hiyo nakuomba. Kama diski unayo, mpe yeyote anayekuja huku, au lile faili peke yake ulitume kwenye simu ya shemeji yako, fundi anasema linatosha. Kama umeipoteza, niandikie umeipoteza. Kama umeuza, niandikie umeuza; sitamwambia mtu, wala sitakuuliza ulipata nini. Ila uniambie kile kidude kilikuwa cha aina gani, jina lililokuwa limeandikwa mgongoni mwake, ili Waya atafute kingine kama hicho. Ni wewe tu uliyekishika.

Msalimie mkeo na huyo mdogo anayeng'ata simu tukiongea. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu mshona viatu anauliza utarudi lini ukachukue zile ndara zako. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe riziki isiyokuaibisha na moyo mwepesi wa kusema ukweli kwa watu wako.

Nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi dada yako mkubwa,
nikupendaye na dhana zangu zote.