Jumapili ya Senene

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Izigo tu wazima, Mungu anatutunza. Je, huko unakula vizuri? Umeniuliza kama uache kwaya, kwa kuwa kazi ya Jumapili inalipa zaidi.

Nikiwa msichana, kila Jumapili nilimwongoza jirani yetu kipofu, bibi mzee, kwenda kanisani. Jumapili moja senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wakaanguka wengi. Nikakimbilia kuwakamata nikawauze, ninunue gauni. Mchana nikamkuta bado ananisubiri njia panda.

"Wewe umepata senene, mimi nimepata jua," akacheka. "Haya nishike, tuimbe hapa hapa."

Tukaimba. Gauni nilinunua, lakini rangi yake siikumbuki. Nyimbo zile nazikumbuka zote.

Amua mwenyewe, mama, ila unijulishe upesi. Sitatulia.

Bibi yako