Orodha ya Abiria wa Magugu

Nyahanga, Kahama
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla dada Tekla hajamaliza mstari huu, na sasa unamwambia asome polepole. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoisifia imekusaidia, au imekwisha tu kwenye chupa? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu huwa naishia hapo, mzima, mzima, halafu vocha inakata. Ndiyo maana leo nimekaa nikaandika.

Kazi ni ileile ya duara, machimbo ya dhahabu, kushuka shimoni asubuhi na kupanda jioni, vumbi hadi kwenye kope. Wenzangu wametoka kila kona ya nchi, na wote wananiita Songea, kwa jina la mji wetu. Mama Kulwa, mwenye nyumba tunamopanga, kila asubuhi ananisalimia kwa Kisukuma, "Wangaluka, Songea," nami namjibu wangaluka, nachukua chepe naondoka. Ni mama mwema. Lakini siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee ninayoambiwa yasiyo ya kazi. Watu wamejaa hapa, mama, na mimi niko peke yangu.

Sasa nikupe habari ya safari. Yule mzee aliyenifundisha kazi, tunayemwita Kibabu, kifua kilimzidi akarudi kwao Magugu, mji mdogo huko kaskazini, ukishapita Babati. Tumeamua kukodi kosta twende kumwona. Tunaondoka Ijumaa alfajiri, na Jumapili jioni tuwe tumerudi. Wakanipa ukatibu, eti mwandiko wangu unasomeka. Basi nikaandika orodha ya abiria: Songea, Chuma, Mpemba, Mrefu, Ticha, na wengine hivyohivyo, nikampelekea dereva. Akaisoma, akaniangalia.

"Kaka, hii ni orodha ya abiria au timu ya mpira wa ndondo? Niletee majina ya kwenye vitambulisho, na simu ya ndugu wa kila mmoja. Askari wa barabarani akiniuliza nimebeba nani, nimwambie nimebeba Chuma?"

Nikaanza kuzunguka kuuliza watu majina. Mwanzoni tulicheka sana. Kumbe Chuma ni Onesmo. Miaka minne tunakula sufuria moja na sijui. Nikamuuliza Mrefu simu ya ndugu yake. Akafikiri, akafikiri, akasema niandike ya Mama Kulwa. Siku hiyo hatukucheka tena.

Kwa Kibabu ikawa vilevile. Nilipiga namba aliyotupigia mara ya mwisho, akapokea mama mmoja. Nikamwambia tunamtafuta Kibabu.

"Hapa hakuna Kibabu, baba. Umekosea namba."

Nikamwomba asikate. Nikamweleza: mwembamba, chai anakunywa bila sukari, na lazima akohoe kidogo ndipo aseme neno.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Anaitwa Daudi. Hali yake si nzuri, lakini anawataja kila siku. Njooni. Nimwambie nani amepiga?"

"Mwambie Songea."

"Hilo ndilo jina alilokupa mama yako?"

Nikamwambia hapana, nikamtajia lile ulilonipa.

Jana tukakutana kwenye kibanda cha chai kuhakikisha viti. Onesmo akasoma orodha, kila anayetajwa anaitikia nipo. Akafika mwisho, akasoma, "Gervas Haule." Akarudia. Watu wakageuka kumtafuta huyo Gervas, na mimi nikageuka nikamtafuta pamoja nao. Orodha nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mama. Mrefu ndiye aliyesema, "Si wewe huyo, Songea?" Wakacheka, nikacheka nao, kisha nikatoka nje kama naenda kunawa. Nilikaa huko mpaka chai yangu ikapoa.

Naogopa. Sijawahi kukwambia hivyo. Naogopa nikiugua huku, mtu atakupigia akuulize habari za Songea, nawe utamwambia amekosea namba.

Kwenye orodha nimeandika namba yako. Mtu akipiga akakutajia Songea, usikate. Ni mimi.

Nisalimie dada Tekla anayekusomea, aliyenibeba mgongoni mpaka kiuno kikamuuma na hadi leo ananikumbusha. Nisalimie baba mdogo Kasian, mwambie jembe lake nililovunja sijalisahau. Na shangazi Filomena, mwimbishaji wa kwaya, aniombee safari njema, na mzee Daudi tumkute.

Jumapili tukirudi nitakupigia. Najua utataka kuniuliza kwanza kama nimekula. Nitakuwa nimekula, mama. Wewe niite kwanza jina langu, uliite lote, halafu unyamaze kidogo uone kama nitaitika.

Mwanao,
Gervas