Miguu ya Chuma ya Ndege ya Bwana Muli

Konza, Machakos

Mama yangu, shikamoo.

Kuna sauti moja imenikaa kichwani tangu mwezi wangu wa kwanza huku: tak. Moja tu, kavu. Ndivyo miguu ya ndege niliyoajiriwa kuiunda ilivyolia siku nilipoikunja mara ya kwanza, ikaingia kwenye nafasi zake ubavuni na komeo likashika. Nilicheka peke yangu bandani. Sasa hailii tena, na ndiyo sababu ya barua hii.

Lakini nikusalimu kwanza. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kwa Bibi kila jioni? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoshwa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huniambia "vumilia, kazi ni kazi" kabla sijafika katikati ya maneno. Karatasi hainikatizi.

Ndege yenyewe ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku. Tumbo lake limechongwa kama la mashua ili itue majini, na pembeni ina miguu miwili yenye magurudumu ya kutulia nchi kavu. Ukienda majini unaikunja miguu juu. Kila kitu ni chepesi kwa makusudi. Kila nilipofungua sanduku niliona jinsi aliyeichora alivyojinyima hata skrubu moja isiyo na kazi, nikampenda mtu huyo bila kumjua.

Bwana Muli, mwajiri wangu, alitajirika kwa malori. Kwake yeye, kitu chepesi ni kitu kilichoibiwa nusu. Kwanza alitaka honi. Nikakataa. Kisha akataka bulbar, ile kinga ya vyuma ya malori, mbele, Mama, kwenye ndege. Nikakataa tena, akaninunia wiki nzima. Halafu nilipokwenda Machakos mjini kutafuta gundi, akamwita Kioko, fundi wake wa kuchomelea. Niliporudi nilikuta miguu ya alumini imeng'olewa, na mahali pake pana miguu ya chuma iliyokatwa kwenye springi za pikapu.

"Sasa hii iko na nguvu, madam," Kioko akaniambia, akiipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Mzee amepeleka kanisa. Ni ya kushikilia bango."

Chuma hicho ni kinene, hakiingii kwenye nafasi zake. Ukikunja miguu, magurudumu yanabaki yakining'inia shubiri nzima chini ya tumbo. Na kwa kuwa taa ya ndani inayomwonyesha rubani hali ya miguu ilikataa kuwaka, Kioko akaisogeza swichi yake mpaka ikawaka. Taa inasema miguu imepanda. Haijapanda. Ndege ikigusa maji hivyo, magurudumu yatayakamata maji, pua itazama, na itapinduka huku watu wamefungwa mikanda ndani, vichwa chini.

Nilimweleza Bwana Muli. Nilimweleza kwa michoro. Mwishowe nilimpeleka kwenye birika la ng'ombe, nikavuta ubao mtupu juu ya maji kwa kamba, ukateleza. Nikavuta mwingine niliougongomea misumari chini, ukapiga mbizi na kugeuka.

Akatazama kwa makini sana. "Hiyo ni mbao," akasema.

"Ndege itafanya vilevile, Mzee."

"Injinia, mimi nimepeleka malori mpaka Juba. Kitu ikiwa nyepesi, barabara inakula."

"Hii si lori."

"Najua si lori. Lori haina maneno mingi kama hii." Kioko, aliyekuwa ametufuata, akacheka mpaka akashika nguzo.

Nikamwomba basi amwite tena mkaguzi wa ndege. Akasema mkaguzi alishaiona. Ni kweli, aliiona ikiwa na miguu yake ya alumini. Kinachonikera zaidi ni kwamba Bwana Muli ni rubani mzuri. Ameirusha mara kadhaa hapa mbugani na kutua juu ya mawe na vichuguu bila tatizo, na kila akitua hunitazama kama aliyeshinda kesi.

Hapa nchi kavu nilikuwa tayari kushindwa. Lakini Jumapili hii kuna ibada ya shukrani kwao karibu na Katangi, na ameshalitangazia kanisa zima kwamba atatua kwenye bwawa. Kwenye kiti cha pili atakaa mama yake mzazi. Ameshamnunulia koti la kuzuia upepo. Nilikutana naye wiki iliyopita, mama mdogo wa umbo, mcheshi. Aliniuliza kama huko juu mtu anaruhusiwa kusali kwa sauti.

Najua utasema ndege ni yake. Nimejiambia hivyo nikipiga mswaki, nikila, nikikaza nati. Kila mara namwona yule mama amefungwa mkanda, na nafahamu kwamba mkanda huo niliufunga kitini mimi, na niliufunga vizuri.

Msalimie Bibi, mwambie jamvi lake ndilo ninalolalia. Msalimie Mjomba Shee, aliyetufundisha kuogelea sote, na mdogo wangu Fatuma, asome. Kwa kaka yangu mkubwa na mkewe, mkono wa heri.

Asubuhi ya leo nimechukua grainda nikaikata ile miguu ya chuma, yote miwili, juu ya goti lake, pale inapokunjika. Kioko alisema, "Madam, huyu mzee atakuua." Nikamwambia ashikilie bawa lisianguke, akashikilia. Baadaye nilimpigia mama yake Bwana Muli kwanza, nikamweleza, kisha mwanawe mwenyewe. Yuko njiani kutoka Kyumbi.

Namba yako anayo, tangu siku alipokuahidi kunitunza. Akikupigia kusema mwanao ameiharibu ndege, tafadhali usinitetee kwamba sikukusudia. Nilikusudia.

Mwanao,
Rehema