Milioni Moja na Moja

Tabora, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, matope ya Ng'ambo yamenishinda. Moyo mzito.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua chumvi. Muuza tumbaku mmoja alikuwa anapanga majani yake. Akachomoa jani moja, akalisokota, akalifungia fungu. Nikabaki nimeduwaa pale kama mjinga, maana nilimsikia Mama Kalunde waziwazi: "Na jani la kufungia, mwalimu?"

Basi leo niseme. Nimestaafu ualimu na jambo hili sijamwambia mtu tangu enzi za Ujamaa.

Nilikuwa kijana, nimepangiwa kijiji kipya upande wa Urambo. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima. Mama Kalunde, mkulima wa tumbaku, alikuja kwa sababu moja tu: binti yake wa pekee aliolewa Kigoma, naye alitaka kusoma barua zake mwenyewe, bila kuazima macho ya mtu.

Siku moja nikajitia ufundi. Nikaandika ubaoni 1,000,001, nikatangaza kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Chukueni majani milioni moja na moja, nikawaambia, yafungeni mawili mawili, matatu matatu, saba saba, mpaka mia mia: lazima yatabaki. Kanuni ilinitaka nijaribu namba tasa zote mpaka karibu na elfu moja. Niliishia tisini na saba. Uvivu tu, na sifa.

Akauliza: mia, na jani la kufungia je? Kwao fungu halihesabiwi bila jani hilo.

Nikacheka. Darasa zima likacheka. "Mama, hii hesabu, siyo tumbaku!"

Hakurudi tena.

Miezi ikapita, akapata barua. Baada ya kicheko kile hakutaka kumwonyesha mtu mwingine kwamba hajui kusoma, akaja kwangu mimi niliyekwisha kulijua hilo. Hakunikuta, nilikuwa semina huku mjini. Barua ikakaa siku tisa kwenye pindo la kanga yake. Niliporudi nikaifungua: binti anaumwa, anamwita mama yake. Akapanda treni siku ileile.

Alikuta kaburi.

Hakunilaumu kamwe. Kila nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, tena kwa upole, na Mungu anajua upole ule ulivyonitesa. Mpaka leo unanitesa.

Nimetoka sokoni bila chumvi. Nimekaa mezani na penseli, nikagawa kwa mia moja na moja, yaani majani mia na lile la kufungia. Namba iliyofuata tu pale nilipoishia! Imetoka 9,901, wala halikubaki jani hata moja.

Siyo tasa. Yule mama alikuwa amepata.

Amekwisha kufa siku nyingi. Kesho mvua ikikatika nakwenda Urambo kwa wajukuu wa ukoo wake, niwaambie bibi yao alimshinda mwalimu hesabu. Wakiniuliza kwa nini basi alikufa hajui kusoma, nitawajibu nini?